Neno la Bibi Yako Lililokatika Ivuna

Lusungu,

Salamu tulishapeana asubuhi pale bombani, ukiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, kwa hiyo sina ya kuongeza. Umekwenda Vwawa kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nimefunga mlango wa duka nusu ili wateja wadhani sipo. Malori yamepanga foleni mpaka karibu na kibaraza chetu, wabadilisha fedha wanawaita madereva kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na mimi nimekaa kwenye kiti chako. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya nguo. Utaikuta Dar es Salaam, mahali ambapo huwezi kuingia jikoni kunijibu.

Habari za kula vizuri, kuchagua marafiki na kwenda kanisani sitaziandika. Hayo utaambiwa na kila mtu stendi kesho, na hutayafuata, na wao wanajua hutayafuata. Ninachotaka kuandika ni kile tulichokiruka tangu tulipomzika bibi yako. Tumekuwa tukiongea habari za solda, umeme kukatika na bei ya spika, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Sasa nakuambia waziwazi: sijakusamehe. Nimejaribu kanisani, nimejaribu nikiwa peke yangu, nimejaribu nikikuangalia umelala. Haijatoka.

Mengi ya haya unayajua vipandevipande. Nitayapanga upya yote, maana wewe una tabia ya kushika kipande kinachokupendeza na kuacha kingine.

Babu yako, baba yangu, alifia Ivuna. Mimi nilikuwa Mlowo, nimekodiwa kufunga vipaza sauti kwenye harusi ya mfanyabiashara wa kahawa. Nilikuwa mwanamke pekee wa kazi hiyo njia nzima ya lami, na nilikuwa nikijisikia, usifikiri kiburi chako umekiokota barabarani. Habari ya msiba ilinifikia nikiwa juu ya ngazi. Nikasema nitamaliza harusi kwanza, ndipo niende. Sikudhani wangezika haraka, ila kule ni joto, na maiti haingoji bibi harusi akate keki. Nilipofika kaburi limeshafunikwa, wanawake wanaosha masufuria. Bibi yako alitoka ndani, akasimama mbele ya watu wote, akaniambia kwa Kinamwanga: masikio yako yatawafaa watu baki, maneno ya watu wako hutayasikia. Akatema mate chini. Kwetu hiyo si hasira ya kupita. Mzazi akisema hivyo na kutema mate, neno linakaa, na wa kulitoa ni yeye mwenyewe aliyelitamka, kwa kinywa chake.

Ningepiga magoti palepale. Mtu yeyote mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikavaa viatu vyangu nikarudi Tunduma.

Wewe ukazaliwa, nami nikaamua lugha ya bibi yako isiingie nyumbani kwangu. Nikakulea kwa Kiswahili kitupu. Ukiwasikia wanawake sokoni wanaongea Kinamwanga ukaniuliza wanasema nini, nilikuwa nakujibu, "Wanasema bei ya nyanya." Ulipokwenda Ivuna likizo ulikuwa unakaa kwenye kigoda kama mgeni wa serikali, bibi yako anakuonyesha kwa vidole pale anapochemshia chumvi, nawe unatikisa kichwa. Kiswahili alikuwa nacho cha kuuzia chumvi tu. Ninyi wawili mlipendana kwa ishara. Niliona, na nilifurahi kwamba hawezi kukwambia lolote juu yangu.

Sasa nije kwenye kazi yako.

Kile kisanduku chetu cha kurekodi kwaya tulikitengeneza pamoja na sikatai kwamba mikono yako ilifanya zaidi ya yangu. Chipu ya sauti tuliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa bei ya kutupa kwa sababu haikuwa na draiva. Ukaweka Linux kwenye kompyuta ndogo ile, ukaingia mpaka ndani kabisa kwenye kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, ukaandika draiva mwenyewe. Nilikuwa nawasimulia watu hata wasioniuliza. Mwanangu wa Tunduma anaandika vitu ambavyo watu wanavisomea Ulaya! Mchungaji mwenyewe nilimchosha.

Kazi ya draiva unaijua, lakini nivumilie. Sauti ikiingia kwenye kompyuta hukatwa vipande, maelfu kwa kila sekunde. Chipu haiwezi kujieleza yenyewe kwamba inaweza kukata vingapi. Draiva ndiyo inayoisemea, kama mshenga anavyomsemea kijana ukweni. Programu ya kurekodi inauliza, "Huyu anaweza kiasi gani?" Draiva inajibu kwa namba mbili zilizoandikwa mle ndani: chini kabisa ni hivi, juu kabisa ni hivi. Basi. Programu haina njia nyingine ya kujua. Ikiambiwa juu kabisa ni elfu arobaini na nane, haitadai zaidi. Ikiambiwa tisini na sita, itadai tisini na sita, na chipu itakimbizwa mpaka ulimi utoke nje.

Karatasi ya watengenezaji ilisema arobaini na nane. Wewe ukaandika tisini na sita.

Ulifanya hivyo kwa sababu wale jamaa wa Mlowo wanaoshindana nasi walikuwa wamebandika tisini na sita kwenye bango lao, nawe hukuweza kulala. Ukajaribu hapa mezani, msimu wa baridi, umevaa sweta langu, ukungu umekaa mlangoni, chipu ikaitika. Ukaniita nisikilize. Nilivaa hedifoni, nikasikia hata pumzi ya paka. Nikakuambia, "Sasa hao wa Mlowo watatukoma." Maneno yangu hayo, nayakumbuka, wala sitajitia hamnazo. Sikukuuliza karatasi inasemaje. Nilikwenda kumwita mchoraji abadilishe bango.

Lakini nisikilize, Lusungu. Mimi nilikuwa mjinga wa kutouliza. Wewe ulijua. Hiyo tofauti usiifute kwa machozi kama ulivyozoea.

Mjomba wako Ezra alipopiga simu kwamba bibi hali chakula tena, nilimwambia ampe simu niongee naye. Bibi akakataa. Akasema neno alilolitamka tukitazamana haliwezi kwenda kwenye waya, niende mwenyewe. Nikasema siendi kuapizwa mara ya pili mbele ya majirani walewale. Ezra akalia kwenye simu, mwanamume mzima, akaniambia, "Dada, mama anakufa, wewe unashindana na nani?" Nikakata simu. Kesho yake akapiga tena, akasema bibi amecheka. Amesema: basi kama hataki kuja, alete chombo chake, si ana vyombo vya sauti vya kuwafurahisha watu baki? Nitasema humo.

Hivyo ndivyo ulivyotumwa. Basi lilikuwepo, afya nilikuwa nayo, na duka lingeweza kufungwa. Nilimpelekea mama yangu chombo mahali pa kumpelekea mwanawe.

Ulinisimulia yaliyofuata mara nyingi, na kila mara nilikuuliza tena. Bibi aliwatoa wote nje, hata Ezra, kwa sababu lilikuwa neno la mama na mwanawe. Ukabaki wewe, maana chombo kilihitaji mtu. Joto la Ivuna unalijua, mabati yanalia, nzi hawaruki. Ukaweka kipaza sauti karibu na mdomo wake. Simu yako, ambayo ingerekodi kila kitu bila matatizo na bila namba za kujivunia, ulikuwa umeiacha kwenye begi. Bibi akaongea. Aliongea kwa muda, akanyamaza, akaongea tena. Na wewe ulikuwa unatazama mistari ya kijani inavyopanda na kushuka kwenye kioo.

Ulirudi unacheka. Ukaniwekea hedifoni mwenyewe.

Mwanzo alikuwa mama yangu. Sijui kama umewahi kuona nikilia kabla ya siku ile, na sitarudia. Aliniita jina langu la utotoni. Aliomba maji, nikasikia kikombe. Kisha akasema kwa Kinamwanga, "Neno lile nililokuambia," na hapo chipu yako ikashindwa. Ikawa inadondosha. Mkwaruzo, kimya, silabi, mkwaruzo, kama mtu anayeongea ndani ya kinu kinachosaga. Nikasikia "kaburi." Nikasikia "baba yako." Mwisho kabisa ikatulia kidogo, nikasikia, "hata nikifa." Halafu kikohozi.

Hata nikifa nini? Nimelitoa hata nikifa? Litabaki hata nikifa? Nimeisikiliza mpaka sasa naiota. Kuna siku nasikia upole kwenye ile "hata." Siku nyingine nasikia mwanamke yuleyule aliyetoka ndani na kutema mate.

Nilikuuliza, "Alisemaje?" Ukaniangalia usoni, ukaona ninachokitaka, ukanipa. Ukasema, "Amekusamehe, mama. Alisema amekusamehe kabisa." Nikakuuliza alisema kwa lugha gani. Ukasema Kiswahili.

Mama yangu angeomba chumvi kwa Kiswahili. Angesalimia kwa Kiswahili. Kulitoa neno kama lile kwa Kiswahili, abadani. Na mwenyewe nilikuwa nimeshamsikia kwa Kinamwanga humo humo, kabla chombo hakijamla. Hukujua hata lugha inayosemwa mbele yako ni ipi, ili angalau udanganye vizuri. Nikakushika mabega nikakwambia, nipe sauti tu, nipe ulivyosikia, hata kama huelewi, kama kasuku, mimi nitajua. Ukafungua mdomo. Ukafunga. Hukuwa na kitu, mwanangu. Ulikaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake na hukubeba hata neno moja.

Nikasema nitapanda basi alfajiri nikamuulize mwenyewe. Ezra akapiga simu kabla sijafunga begi.

Msibani Ezra aliniuliza, "Alikuambiaje?" Watu wote wakasogea karibu. Nikasema, "Yetu yamekwisha." Kwa hiyo hata mimi nimedanganya, tena mbele ya jeneza, na ndugu wakanipa mikono kunipongeza. Usidhani sijui uongo wako ulitokea wapi. Huo wa kumwona mtu anataka jibu fulani ukampa hilohilo, huo ni wangu. Hata ule wa tisini na sita ni wangu. Chipu haikusema inaweza. Wewe ulitaka iweze, nami nilitaka uwe umeweza, na wote wawili tukaisemea.

Tuliporudi ulisema huenda waya ulilegea. Ukasema huenda kadi ya kuhifadhia ni mbovu. Ndipo nikawasha jiko la mkaa katikati ya duka, mchana, wateja wanashangaa, nikaweka kisanduku pembeni yake. Nikakuambia, "Imba." Ukasema, "Mama, tafadhali." Nikasema imba. Ukaimba ubeti wa pambio, na mara kisanduku kilipopata moto kikaanza kuila sauti yako vilevile. Nikakufungulia draiva mbele yako, nikafuta tisini na sita kwa kidole changu, nikaandika arobaini na nane, nikakiwasha upya hapohapo motoni. "Imba tena." Ukaimba unalia. Kikashika kila neno, hata kwikwi zako.

Uliniambia siku ile kwamba mimi ni katili. Sikukukatalia. Fundi yule wa redio wa jirani naye aliniambia, "Mama Lusungu, huyo si ni mtoto wako? Ungemweleza tu." Nikamwambia angalie redio zake. Ningekueleza, ungenielewa kwa kichwa, na kichwa chako kina sababu nyingi. Nilitaka uisikie ikikukata wewe.

Visanduku tulivyokwisha kuviuza nilivifuata mwenyewe, kanisa baada ya kanisa, nikarudisha namba. Wewe ulikataa kuja, ulisema unaona aibu. Wazee wa kanisa moja karibu na Mlowo waliniuliza kwa nini ninapunguza kitu walichokilipia. Nikawaambia sipunguzi, hakikuwepo. Mmoja akaniita tapeli, na nikanywa chai yake. Mchoraji nilimwita tena, akafuta bango, sasa kuna doa jeupe pale ilipokuwa namba, na sikumruhusu aandike kitu kingine juu yake.

Na hivi ndivyo mambo ya dunia yalivyo: draiva ileile uliyoiweka mtandaoni, ikiwa na namba niliyoisahihisha mimi, ndiyo waliyoiona watu wa Dar es Salaam wakakuita kazini. Wanatengeneza vifaa vya kuita wagonjwa hospitalini. Wamekusifu kwamba unaandika kwa uangalifu. Nilikuwa nimesimama mlangoni ulipoisoma sifa hiyo kwa sauti, na uliruka neno "uangalifu" ukalisoma harakaharaka. Nilisikia. Masikio haya kwa mambo kama hayo hayajawahi kuniangusha.

Watakutaka uandike namba. Si leo, si wiki ya kwanza, lakini atakuja mtu mwenye shati zuri na haraka zake, atakuambia mshindani wetu ameandika zaidi, na wewe unapenda kupendwa. Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningeinywa mimi kwanza. Ninachokiomba ni kwamba siku hiyo uisikilize ile rekodi. Nimekutilia nakala kwenye flashi, imefungwa ndani ya soksi. Bibi yako amefungwa humo na hatatoka, na hakuna programu ya kumtoa, kwa sababu kile ambacho hakikushikwa hakipo. Uliwahi kuniambia siku hizi kuna programu za kujaza mapengo ya sauti, zinazoweza kukisia alichosema. Ukithubutu kumtia mama yangu maneno mdomoni kwa mashine, Lusungu, usirudi tena kwangu. Hilo silisemi kwa hasira. Nimelifikiria nikiwa nimetulia kabisa.

Kuna kitu kingine, na nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kinachonifanya nishindwe kukukasirikia sawasawa. Kama ungekuwa na Kinamwanga, tusingehitaji kisanduku. Ungekaa pale, ungesikia, ungerudi ukaniambia, na hata kama lingekuwa neno baya ningelibeba, maana ningelijua. Nilikunyima lugha ili mama yangu asikufikie, na siku aliponitafuta mimi kwa kupitia kwako, akakuta nimeziba mlango kwa mkono wangu. Alisema masikio yangu hayatawasikia watu wangu. Sikuhitaji laana. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa bidii, tangu unajifunza kuongea.

Najua kesho stendi utataka nikubariki. Shangazi yako amekwisha kukufundisha uje kwangu na kikombe cha maji, unyenyekee, ninyunyize. Njoo nacho. Watu watakuwa wanatazama na sitakuaibisha.

Nitakunyunyizia, na nitakuambia neno langu. Nitalisema kwa Kinamwanga, lote, polepole, kwa sauti ya kutosha. Linaweza kuwa la kukusamehe. Linaweza kuwa jingine. Usinitazame usoni kulitafuta, maana nitaukaza uso. Usitoe simu kurekodi. Usimuulize shangazi, yeye ni Mnyiha na hataelewa zaidi yako. Utapanda basi hujui mama yako amekuambia nini, utakaa nalo Mbeya, Iringa, Morogoro, na huko uendako utakaa nalo miaka.

Wanamwanga wako Dar es Salaam, wanauza mchele, wanaendesha malori, wamejaa makanisani. Watafute, ujifunze kwao neno moja baada ya jingine, mpaka siku moja, ukiwa unafua au unasubiri chakula, lile langu likufungukie. Ukilielewa, usinipigie simu. Panda basi uje unijibu kwa lugha hiyohiyo, na uharakishe kujifunza, kwa sababu mimi sijui nitaishi mpaka lini, na nikifa hujalielewa, utakuwa mtoto wangu kweli.

Mama yako